Upande Wako wa Ngonjera

Baba,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama anaamini ngonjera yetu imeondolewa kwenye ratiba ya sherehe ya Watanzania kule Houston. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, na si kweli. Jumamosi nitapanda jukwaani peke yangu, niseme upande wangu, kisha niseme na wako.

Nimemaliza shule, Baba. Nilivaa joho, Mama akapiga vigelegele mpaka Wamarekani wakageuka. Lakini tangu tukuzike, nyumba yetu ya Lewisville, hapa pembeni ya Dallas, imepoa. Hakuna wa kunichokoza.

Nakumbuka tulivyokuwa tukienda Houston kwa gari, kwa dada yako, Shangazi Rehema. Nililalamika kuhusu somo langu la historia, ukasema tuligeuze ngonjera kama mlivyofanya shuleni Tanga: wawili wabishane kwa mashairi, mwisho wapatane. Ukachukua upande wa wale waandishi wa zamani wa New England, kaskazini mashariki, waliotaka Marekani iache kuiga Ulaya, wakaenda kutafuta sauti yao msituni. Mimi nikachukua Harlem, mtaa wa New York, watu weusi waliohama kutoka kusini, wakaandika mashairi na kupiga jazi kwenye vyumba vya kupanga. Nikikosa la kusema nilipandisha mabega, nawe ukacheka, "Nijibu kwa beti, bibie, usinijibu kwa mabega!" Nikichomekea Kiingereza, ulipaza sauti, "Umeshindwa!"

Mara moja tu nilikuweza. Nilisema watu wako walikuwa na muda wa kutembea msituni, wangu walishika kalamu wakiwa wametoka kazini, wamechoka. Ukaupiga usukani kwa kiganja. Kisha ukasema, "Hapo umenibana, mwanangu."

Ukaondoka kabla hatujaandika ubeti wa mwisho, ule wa kupatana.

Shangazi, aliyetuandikisha kwenye ratiba, alitaka kunitafutia mtu wa kusema sehemu yako. Nikakataa, mimi ninayejificha chumbani wageni wakibisha hodi. Sikutaka kumsikia mtu mwingine akiyasema maneno yako ovyo.

Basi nimekuwa nikiyakariri bafuni, maji yakiwa wazi ili nisisikike. Na Baba, nimeanza kukuelewa. Watu wako waliambiwa kila kizuri kinatoka ng'ambo. Watu wangu waliambiwa hawana kizuri chochote. Uzito si mmoja, hapo sikuachii hata kidogo. Lakini wote walifika mahali wakaacha kungoja ruhusa, wakasema kwa sauti waliyokuwa nayo. Jana nikapata mstari wa kutupatanisha:

*Wa msitu na mtaa, wote walitaka kwao.*

Mizani imetimia. Nimehesabu kwa vidole. Ningependa sana uniambie kama ni mzuri.

Mama atakuwepo ukumbini, akidhani amekuja kula pilau tu. Nikimwambia mapema ataanza kulia tukiwa bado Dallas, nami nikimwona analia sitaweza kufungua mdomo.

Pumzika, Baba yangu. Mungu akurehemu. Nakuahidi nitausema upande wako kwa nguvu zangu zote. Sitakupunja ili mimi nishinde.

Mama anasema siku hizi unamtokea ndotoni, mnakaa mnaongea. Ukimtokea kabla ya Jumamosi, ongeeni mengine. Hili usimwambie.

Binti yako,
Salma