Bomu Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 1 Julai

Presha imepimwa tena. Iko sawa. Mtoto anacheza. Chai ya rangi, kiazi kitamu, halafu kuzunguka uwanja polepole mpaka miguu ichoke. Ndiyo kazi yangu tangu nihamie hapa hospitalini, nyumba ya kusubiria wajawazito iliyoungana na wodi ya wazazi. Mwalimu mzima, nahesabiwa vikombe vya uji.

Upasuaji ni Jumatatu ijayo. Dokta Samweli hataki uchungu unianze wenyewe, kwa sababu ya kovu la mara ya kwanza. Hata mimi sitaki. Mara ya kwanza nilichelewa kufika, wakanipasua, na mtoto akatoka kimya. Alikuwa wa kiume. Sijawahi kuliandika hilo popote. Basi nimeliandika.

Shabani amepiga simu kutoka Ruhembe. Msimu wa miwa umepamba moto, msimamizi hatoi ruhusa kwa madereva wa trekta. Atakuja Jumapili, Saba Saba. Nimemwambia hakuna shida. Shida ipo.

Nyuma ya wodi ya wazazi wanachimba msingi wa tangi jipya la maji. Sululu kutwa nzima.

Jumanne, 2 Julai

Mama mkwe amefika kutoka Mvumi. Kaleta kuku, unga na khanga mbili mpya. Ila amekataa kuingia. Alikaa kwenye jiwe nje ya geti, mlinzi akaja kuniita. Nikamfuata na tumbo langu, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuangalia majengo. Kapata pa kulala kwa jamaa yake, pale chini kijijini.

Nimekasirika. Wenzangu wamekaa na mama zao kitandani. Mimi napokea chakula getini kama mfungwa.

Sista Felista, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, kanikuta nalia. Hakushangaa. Kasema wako wazee wasiokanyaga hapa hata wakiumwa. Mahali hapa hapakujengwa pawe hospitali. Palikuwa boma la askari wa Mjerumani, halafu Mwingereza akalichukua na kuweka askari wake. Walipoondoka ndipo vikaletwa vitanda. Wodi ya wazazi ilikuwa bweni la askari. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghala la risasi. Kanionyesha matundu ukutani, membamba, yamezibwa kwa saruji. Nilidhani ni madirisha ya kupitisha hewa. Yalikuwa ya kutolea mtutu wa bunduki.

Nimeoga maji ya moto. Bado nasikia baridi.

Jumatano, 3 Julai

Nimemuuliza mama mkwe waziwazi kwa nini haingii. Kwanza akafunga upya khanga yake. Kisha akasema.

Babu yake alichukuliwa Mvumi wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Walikuwa wengi, wamefungwa kamba moja. Wengine wakabebeshwa mizigo ya jeshi, wengine wakaletwa kwenye kilima hiki kuchimba mahandaki. Bibi yake alikuja na chakula. Akakaa nje ya geti. Askari wakachukua chakula, wasimruhusu kumwona mumewe. Akarudi tena na tena. Siku moja akaambiwa hayupo. Hawakusema amekwenda wapi, wala kama amekufa. Basi.

Mama mkwe kasema, "Mimi si mchawi wala sikuombei mabaya. Miguu tu ndiyo inakataa."

Hasira imeniisha. Hofu imeingia mahali pake. Nalala katika nyumba ambayo watu waliingia wasitoke, na baada ya siku tano nitalazwa kwenye ghala la risasi nipasuliwe tumbo. Najua ni ujinga. Nafundisha sayansi darasa la sita. Hata hivyo nimeacha taa ikiwaka.

Alhamisi, 4 Julai

Wamekuta kitu shimoni.

Fundi mmoja alipiga sululu, ikalia chuma. Wakadhani bomba la zamani. Wakaendelea kufukua. Si bomba. Kimechongoka upande mmoja, kinene kama mtungi, kutu tupu. Msimamizi wao alipokiona aliwaambia waache kila kitu na watoke. Fundi aliyekipiga amekaa chini ya mnazi. Wanampa maji, anayamwaga.

Polisi wamekuja, wamezungushia utepe. Wanasema ni bomu la mizinga, la vita ile ile. Wataalamu wa jeshi wanatoka Morogoro, watafika kesho. Mafundi wamechimba na kugonga humo siku nne. Mimi nilikuwa napita hapo kila asubuhi na kila jioni. Nilisimama hapo hapo kupumzika.

Wagonjwa wanaoweza kutembea wameruhusiwa. Sisi wajawazito tumeambiwa tutahamishiwa shuleni asubuhi. Kati ya kitanda changu na shimo kuna ukuta mmoja. Nimegeuza mto, nimelala miguu ikielekea huko. Kana kwamba itasaidia.

Mtoto hachezi sana leo. Au ni mimi ndiye nisiyesikia kitu kingine isipokuwa moyo wangu.

Ijumaa, 5 Julai

Tumbo limekaza tangu alfajiri. Nimejiambia ni woga. Limeachia. Limekaza tena.

Ni uchungu. Nimemwambia Sista. Kaenda kumwita dokta. Nje watu wanabeba magodoro.

Si leo. Mungu wangu, si leo.

Jumapili, 7 Julai

Niko hospitali ya Mikumi. Naweza kushika kalamu. Niandike kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Ijumaa Dokta Samweli alikuja akachuchumaa karibu na kitanda changu. Hajawahi kuchuchumaa. Akasema, "Mwalimu, sitakuficha. Chumba cha upasuaji kiko hatua chache kutoka kwenye lile shimo. Polisi hawaruhusu mtu kuingia, na hata wangeniruhusu nisingekulaza pale. Inabidi uende Mikumi."

Nikamuuliza kuhusu kovu.

"Linaweza kuvumilia. Linaweza pia kuachia njiani. Sista atakwenda na wewe."

Alikuwa na wengine wa kuhamisha. Hakunidanganya, na hilo lilinitisha kuliko kudanganywa.

Sista alinishika mkono tukaelekea gari la wagonjwa. Watu wote walikuwa wanatoka, na vitanda, na ndoo, na watoto mgongoni. Katikati yao niliona mtu mmoja anaingia. Mama mkwe. Amevua kandambili, amezishika mkononi, anatembea haraka huku anaangalia chini. Polisi alimzuia. Alimwambia kitu, sikusikia, polisi akampisha. Alinifikia, akachukua begi langu begani, akapanda garini kabla yangu.

Ile barabara naijua. Mabonde, mawe, kona. Kila gurudumu lilipodumbukia nilihisi kovu linavutwa kama nguo inayotaka kuchanika. Mama mkwe alipiga magoti kwenye sakafu ya gari, akanibana nyonga kwa mikono miwili, kila shimo, njia nzima. Sista alikuwa anatafuta mapigo ya mtoto, anahamisha kile kipaza cha kusikilizia, hapa, pale. Nikamwangalia uso. Sikutaka kumwangalia, nikamwangalia. Akayapata. Akayapoteza. Akayapata.

Dereva aliuliza bila kugeuka, "Niende polepole au niwahi?"

Sista alikuwa bado anatafuta mapigo. Mimi nilikuwa nimeshapata maumivu mengine, makali, chini kabisa, hayaachii hata uchungu unapotulia. Nilijua maana yake. Sista pia alijua, maana alianza kupiga simu Mikumi waandae chumba.

Mama mkwe ndiye aliyemjibu dereva. "Endesha kama umebeba mayai, mwanangu. Lakini usisimame popote."

Nilikuwa na hakika nakufa. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu ni kweli. Sikumfikiria Shabani. Nilifikiria kwamba huyu naye atatoka kimya, na kwamba safari hii sitakuwepo kumwona.

Mikumi walikuwa wanasubiri mlangoni na machela. Taa. Sindano mgongoni. Daktari mmoja akimwambia mwenzake kovu limeanza kuachia, upesi. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kuvutwavutwa. Kisha hakuna kitu. Wameinama wote, hakuna anayesema. Kimya kile kile. Nakijua. Nikafumba macho.

Akalia.

Ni wa kike.

Jumanne, 9 Julai

Shabani alifika juzi jioni, nguo zinanuka majani ya miwa yaliyoungua. Aliomba radhi mpaka nikamwambia anyamaze ambebe mtoto. Alimbeba kama kioo.

Leo Dokta Samweli amepiga simu. Jeshi walilitoa bomu wakaenda kulilipua machimboni, mbali na watu. Kijiji kizima kiliusikia mlio. Lilikuwa bado zima, lingeweza kulipuka wakati wowote. Hospitali imefunguliwa tena, wagonjwa wanarudi. Mafundi hawajarudi.

Nilimweleza mama mkwe. Aliuliza swali moja: katika kuchimba, wameona kitu kingine, hata mfupa? Nikamjibu kwamba dokta hakutaja. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja nepi.

Sijalala tangu Ijumaa. Namwangalia mtoto. Akinyamaza naweka kidole puani. Akilia napumua. Manesi wamenisema, Shabani amenibembeleza. Siwezi. Nikifumba macho nahisi gari.

Mchana huu mama mkwe amevuta kiti, amekaa kati yangu na mlango. Amemchukua mtoto, amemlaza mapajani, amemfunua kifua ili kionekane kikipanda na kushuka.

"Lala," amesema. "Namwangalia mimi. Sitafumba jicho."

Ninaandika mstari huu, halafu naweka kalamu.