Simu Tisa za Maher

Asya, nimempigia Bi Tamima sasa hivi, nikakata mwenyewe.

Ile simu yake iliyokosa mtandao tangu Ijumaa, katoa laini kaipangusa, kazima, kawasha, wapi! Leo kampelekea fundi Gombani. Fundi kagusa mara moja. "Bi, umebonyeza alama hii ya ndege." Kumbe kaibonyeza mwenyewe, simu isilie kwenye kisomo cha khitma Ijumaa ile, kisha akasahau!

Mtandao kurudi tu, meseji zikamiminika. Maher alikupigia. Maher alikupigia. Mara tisa, zote za Jumamosi, akiwa kalazwa hospitali Unguja.

Maher mwanawe, Asya! Tuliyemzika jana! Na mama mtu kutwa analia, "Kafa hata hakunitafuta."

Mimi nimeyasikia, nikapiga kumpa pole tu. Kapokea kabla haijalia sawasawa.

"Maher? Nipo, mwanangu. Sema."