Mashine Uliyoikana

Murara, Goma

Kaka yangu Dieudonné,

Hapo Kalemie mnaamkaje? Miguu ya mama bado inavimba akisimama sana jikoni? Na mgongo wako, ule unaokusumbua kila ukirudi na lori kutoka Lubumbashi, umetulia? Nauliza kwanza kwa sababu nimelelewa, na aliyenilea ni mama huyohuyo aliyekulea wewe. Sisi hapa tunapumua. Watoto wana mafua ya vumbi hili jeusi, hakuna zaidi. Mume wangu Faustin yuko nyumbani, amekaa mlangoni anachambua maharagwe kwa mkono mmoja, maana ule wa pili umefungwa kitambaa mpaka juu ya kiwiko. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, na usiniambie mtandao ni mbaya.

Nimeandika kwa sababu simu unaikata. Barua anaibeba Mama Kavira, abiria wa Faustin, ambaye anakwenda Uvira kutafuta dagaa, na kule atampa mtu wa boti ya Kalemie. Unaweza kuichana ukipenda, lakini utakuwa umeshaisoma.

Tuanze na ile mashine ya GPS, kile kidude cha kuonyesha njia ulichomtumia Faustin akifunge kwenye taksi yake. Usijifanye umesahau. Nakumbuka simu yako siku ile, ulivyokuwa na furaha, umesimama dukani Lubumbashi na mbele yako wamekuwekea mbili. Moja ilikuwa ndogo, inaongea Kifaransa, na muuzaji alikuwa amekuambia ramani yake ni mpya. Nyingine ilikuwa kubwa, imetumiwa na wageni wa migodini, inaongea Kiingereza. Ulimwambia Faustin:

"Shemeji, ile ndogo nimeikatala. Nakuchagulia iyi ya kioo kikubwa. Wazungu wa Himbi bakiona kioo kama iyi, batapanda kwako tu. Na usiitoshe mu Anglais! Njo itaonesha uko mutu wa maana."

Yaani Kiingereza kisitolewe. Hivyo ndivyo ulivyochagua, kaka. Kwa macho. Mtu akinunua viatu anapima mguu kwanza, wewe hukumwomba muuzaji hata akuonyeshe kama Goma yetu imo ndani ya ile mashine.

Haimo. Au niseme imo Goma nyingine, ile ya kabla volkano haijashuka katikati ya mji na kufunika mitaa. Aliyeichora ramani ile hakupata habari. Mashine inaona barabara mahali ambapo sisi tunaona jiwe jeusi lililopanda juu kuliko mlango. Faustin akikaribia soko, yule mama wa ndani, ile sauti ya mashine, anamwamuru apinde kulia, na kulia kuna ukuta wa nyumba ya watu, wamejenga juu ya lava na wameanika nguo zao. Abiria walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mama Kavira alimpa yule wa ndani jina la Madame, kwa sababu anatoa amri siku nzima na hajui nyumba ikoje. Faustin naye alikuwa anacheka, anapita njia yake anayoijua.

Nilimwambia aitoe. Nilimwomba. Alinijibu: "Mama Neema, kwetu zawadi ya bakwe haifichwake. Ukiificha, ni kama umebatukana." Wewe humjui mtu huyu. Yeye ni wa milima ya Masisi, na kwao ng'ombe aliyetoka kwa wakwe anafungwa mahali ambapo mgeni akiingia atamwona kwanza. Basi mashine ikakaa pale mbele ya usukani, inang'aa, na kila jioni anaipangusa kwa kitambaa cha miwani yake. Hata lugha hakuigusa, kwa kuwa wewe ulimwambia asiiguse.

Mimi ndiye niliyekupigia kuuliza namna ya kuiweka Kifaransa, maana hapa Kiingereza si mchezo. Waasi waliokuja kutoka upande wa mpaka, watu wanasema wengi wao wanaongea Kinyarwanda na Kiingereza. Na Kinyarwanda ndiyo lugha aliyoinyonya mume wangu. Kuna askari hapa wanaoangalia pua ya mtu kabla ya kuangalia kitambulisho chake. Nilikueleza yote haya. Ukacheka, ukaniita kwa jina, ukasema, "Mwamini, unaogopaka hadi kivuli chako." Kicheko hicho nakisikia hata sasa hivi ninapoandika, na damu inanichemka upya.

Waasi walipozidi kusogea, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akiishi kwa binti yake huko Rutshuru, alikimbia pamoja na wengine akafikia kambi ya Kanyaruchinya, chini ya plastiki, juu ya mawe. Faustin akaenda kumchukua. Alikuwa mtoto anayemfuata mama yake, siasa haikuwamo. Ila alitaka mama yake naye aone zawadi ya wakwe inavyoongea. Kanyaruchinya mashine haiijui, kwa hiyo akaandika Kibumba, kijiji kilicho mbele zaidi kwenye barabara ileile, ili mradi mashine ipate la kusema. Ikasema njia nzima. Alipompakia mama yake na godoro lake, wakageuka kurudi mjini, na kwa ile furaha akasahau kuifuta Kibumba.

Sasa fikiria, wewe unayejiita dereva. Gari linarudi Goma, mashine inataka Kibumba. Kila wakienda kidogo inamwambia ageuke. Mama mkwe ananiambia alikuwa anaishangaa, anamuuliza mwanawe yule mwanamke ana haraka gani. Walipofika kwenye barieri, pale magari yanapokaguliwa, askari mmoja akainamisha kichwa dirishani, na Madame akasema tena, kwa Kiingereza chake safi: geuka, rudi ulikotoka. Bahati yetu mbaya, askari yule Kiingereza kidogo alikuwa anakielewa.

"Ni nani anakuambia urudie?"

"Ni masini ya njia, shefu. Hakuna mutu ndani."

"Hakuna mutu, na imeona umefika kwetu? Inakuambia urudie wapi?"

Hakungoja jibu. Alisoma mwenyewe kwenye kioo chako kikubwa, herufi zinaonekana vizuri kabisa: Kibumba. Na Kibumba siku zile ilikuwa mikononi mwa waasi.

Mama mkwe akaanza kulia na kuwaomba kwa Kinyarwanda, lugha pekee anayoijua, na kila neno lake lilikuwa kuni juu ya moto. Walimshusha Faustin. Mkono waliuvunja palepale kwa kitako cha bunduki, mbele ya mama yake. Rudia kusoma hapo, Dieudonné, ndipo uendelee.

Wakampeleka kwenye kasho, chumba cha mahabusu cha ofisi moja ya usalama. Nilipofika, mkubwa wa pale hakuwa mtu wa kelele. Mashine ilikuwa mezani kwake, ameizima. Aliniambia jambo moja tu: akijua ilikotoka, atajua la kufanya. Kumbe Faustin alikuwa ameshaulizwa swali hilo, na alikuwa amejibu kwamba aliinunua mwenyewe kwa mtu asiyemkumbuka. Alikuwa anakuficha wewe. Mkono umevimba, hajapewa hata maji, na bado anakuficha wewe, kwa sababu kwao mtu hapeleki jina la shemeji yake kwa askari. Mimi sikujua. Nikasema ukweli, kwamba aliyeituma ni kaka yangu wa Kalemie, na kwamba kaka yangu ni mtu wa kusimama na neno lake. Nilitamka hivyo kwa kinywa changu. Mkubwa akaniambia nikupigie, simu niiweke mezani wote wasikie. Wakamtoa na Faustin asikie.

Ulipokea. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Nikakueleza niko wapi na nani anasikiliza, nikakuomba useme neno moja tu, kwamba mashine ilitoka kwako. Ukasema, na sikubadilishii hata herufi:

"Masini gani? Mimi sijatumaka masini. Na uyo bwana yako, minamujua kidogo tu. Munitoshe mu mambo yenu."

Ukajitoa hivyo, ukakata.

Watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Hapa Goma hatusemi hivyo ovyo, maana tumeiona ikipasuka. Mimi siku ile niliitamani. Mume amesema hivi, mke amesema vile, na kaka wa mke anawakana wote wawili. Mkubwa akasukuma kiti chake nyuma. "Mama, unaona? Bote munadanganya." Faustin alipopita mbele yangu akirudishwa ndani hakunigombeza. Alisema tu, "Haungemuita, Mama Neema."

Uliogopa. Haya, nani haogopi? Lakini uliogopa nini, wewe? Kalemie iko mbali na barieri hii, hakuna askari ambaye angevuka ziwa kuja kukushika kola mbele ya mkeo. Ulikuwa umekaa kwako, na neno moja la kweli lilikushinda.

Aliyemtoa ni Mama Kavira, huyohuyo aliyeibeba barua hii. Kwa kabila ni Mnande. Kwa wale wanaopenda kugawa watu mafungu mafungu, hana sababu hata moja ya kumtetea mtu wa Kinyarwanda. Aliwakusanya abiria wenzake, wakaingia ofisini na vikapu vyao, harufu ya dagaa ikajaa chumba kizima.

"Shefu, iyi masini ni kichaa!" akasema. "Kila asubui inatuambiaka tuingie mu chumba ya batu. Mupelelezi gani atafuata kintu kama iyi? Ungemufunga uyo mwenye aliichagula!"

Mkubwa aliiwasha, akazunguka nayo yeye mwenyewe kwa gari lake, na ikamwambia apinde kwenye ukuta. Alirudi anajizuia kucheka, akaamuru Faustin afunguliwe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walisema. Ndugu hawakumtaja, na sasa najua kwa nini.

Ningeweza kumeza yote hayo. Nimeshameza makubwa katika mji huu. Lakini juzi mdogo wetu Riziki amenipigia analia. Ananiambia wewe, wewe Dieudonné, umekaa sebuleni kwa mama, mbele ya watu wa jumuiya waliokuja kusali, ukasema shemeji yako alishikwa kwa mambo ya waasi. Ukaongeza kwamba ulinionya tangu zamani nisiolewe na mtu wa kule. Ulinionya lini? Siku ya mahari ulikula mbuzi wake mpaka ukaomba kichwa ukakinyonye nyumbani! Na mama, kwa ajili ya maneno yako, amesema watoto wangu wasije kwanza hapo likizo, mpaka ijulikane baba yao ni mtu wa namna gani. Mama, ambaye Faustin akimwongelesha kwa simu huwa anasimama wima kama vile anamwona.

Huko barieri walimwita msaliti bila kumjua. Wewe unamjua. Umekula kwake, umecheka naye, umempiga picha akiwa na mwanao mapajani. Askari alimvunja mkono, na mkono fundi wa mifupa ameukaza, utaunga. Jina lake ulilolivunja hapo kwa mama, ni fundi gani wa kuliunga kama si wewe?

Basi sikia ninachotaka. Jumapili mkitoka kanisani, mama akiwa amekaa na watu walewale uliowaambia, simama. Useme kwamba mashine uliinunua wewe, uliichagua wewe, ulikataza lugha isibadilishwe wewe, na ulipoulizwa ukaikana, ukamkana na Faustin mwenyewe. Usimtume Riziki akusemee. Usiseme ulikuwa hujaelewa swali. Riziki atakuwepo, ataniambia neno kwa neno. Mpaka nisikie hivyo, mlango wangu usiugonge, na mtu akifa kwangu au kwako tutasikia kwa watu baki.

Faustin ameniuliza sasa hivi naandika nini muda wote huu. Nimemjibu kwamba nakusalimu. Unajua alichoniambia? "Umuandikie muzuri. Aliogopa tu." Halafu akarudi kwenye maharagwe yake. Ile mashine waliibakiza kule ofisini, na ndilo jambo pekee katika mkasa huu lililonifurahisha, lakini yeye linamnyima raha. Akasema: "Shemeji akiniuliza zawadi yake iko wapi, nitamujibu nini?"

Mjibu wewe.

Nisalimie mama, umwambie bizari aliyonitumia ilifika na tumempikia nayo mchuzi mama mkwe wangu, akaomba tena. Nisalimie shangazi Feza aliyenisindikiza siku ya ndoa, na Riziki mdogo wetu mwenye moyo. Mkeo pia nisalimie, yeye hana kosa, na watoto wako uwabusu kwa niaba ya Neema na mdogo wake.

Faustin anakusalimu sana, kwa heshima yote ya shemeji kwa shemeji. Amenisisitiza nisisahau kuliandika hilo. Salamu hizo ni zake peke yake.

Mwamini,
mke wa Faustin