Maji Niliyoyakataa Mwenyewe

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako asubuhi hii, akili ingali yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mgane, nimelala hapa Myamba na uvimbe tumboni ambao madaktari walisema haupasuliki, wakanirudisha nyumbani na dawa ya maumivu, wala silalamiki, nimechoka na niko tayari, ila mwanangu Hezroni hushinda kwenye shamba la Ujamaa na anayebaki nami ni mkewe, Eliakunda, nami nililelewa kwamba mkwe hamshikii baba mkwe chombo cha haja, basi nikaona dawa ya aibu ni kutokunywa, kila akiniletea maji nasubiri atoke nayamwaga dirishani, hadi midomo ikapasuka.

Juma lililopita akili ikapotea. Nimesimuliwa kwamba nilimwita marehemu mke wangu, nikafukuza mbuzi asiyekuwapo, kisha mbele ya wazee wa ukoo nikamnyooshea Eliakunda kidole: "Huyu ananinyima maji nife upesi!" Kaka yangu Elirehema akasema, "Anayeondoka hasemi uongo," na tangu hapo binti wa watu hakanyagi chumbani, wamefunga dirisha, wamechukua miwani eti sina cha kusoma (naandika kwa kupapasa, unisamehe), na wananikalia kwa zamu, kila mara sura nyingine. Nikisema ukweli wanatikisa vichwa: "Keshaanza tena." Hezroni anashinikizwa amrudishe mkewe kwao. Nifanyeje asiondoke na lawama yangu, nami nisipotelewe na akili tena?

Mzee wa Myamba

*

Shikamoo, Mwalimu. Pole sana. Pole imeisha, sasa nakugombeza. Yaani aibu ya kopo la haja imezidi aibu ya kumwita mkweo muuaji? Mwili wa mgonjwa ukikauka, akili huvurugika. Yale hayakuwa wosia, yalikuwa kiu.

Hezroni aombe ruhusa kwa viongozi wa kijiji, mwanamume mmoja wa nyumbani abaki nawe mchana, akushikie kopo na kulimwaga. Wewe unywe, kidogo kidogo, kutwa nzima.

Nanyi jamaa zake, fungueni dirisha, mchana auone mchana. Mrudishieni miwani. Watu wawili anaowazoea wanatosha. Wamwambie kila asubuhi ni siku gani na nani yuko naye, na usiku wamwache alale. Akianza kuweweseka msibishane naye wala msimfunge. Mshikeni mkono, mwiteni mganga wa zahanati siku hiyohiyo, mumweleze kama anapata choo, kama mkojo unamchoma, na dawa anazotumia. Msizikate wenyewe, maumivu nayo huvuruga akili.

Siahidi kwamba hali hiyo haitarudi, Mwalimu. Karibu na mwisho huwarudia hata waliotunzwa vizuri. Ndiyo maana usingoje. Jibu hili nimelitanguliza kwa basi la Same kabla ya kulichapa gazetini.

Asubuhi litakapokufika, vaa miwani, waite Elirehema na wazee wenzake. Wakisema umechanganyikiwa, wataje mmoja mmoja, wao na baba zao, na siku ya leo. Kisha sema yote uliyoniandikia, hata la dirishani. Halafu mwite Eliakunda kwa jina, umwombe maji, upokee kutoka mkononi mwake, na unywe mbele yao mpaka waone kitako cha kikombe.