Mwani Usiokwisha, na Harage Nyuma ya Jiwe

Jumamosi. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati tangu alfajiri, na baridi ya Julai hapa Lushoto haina huruma na mtu. Nguo nilizofua juzi bado zina majimaji kwenye kamba. Nimeamka nimechoka kabla hata sijafanya kazi, na sababu ya uchovu wangu iko sebuleni, ndani ya vioo, na rangi yake ni kijani.

Mwani umenishinda.

Naandika hivyo nikiwa na hasira, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kupenda maneno matulivu, leo pita tu.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa Tanga, nimeolewa huku milimani. Baba Salma ana Fuso, anateremsha kabichi na karoti mpaka Tanga. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilimchosha kwa kulalamika kwamba nimekosa harufu ya bahari, mpaka siku moja akaenda kwa fundi wa vioo, akarudi na tangi kubwa limefungwa magodoro nyuma ya gari. Tangu hapo, kila akishusha mzigo Tanga, anarudi na madumu ya maji ya bahari. Watu wa hapa mtaani wanamcheka. Wanasema wenzake wanarudi na samaki wa kukaanga, yeye anarudi na maji yao.

Nina samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nilikuwa pia na kamba mmoja mwekundu, mwenye ndevu ndefu. Nilikuwa naye.

Mwani ulianza mwanzoni mwa masika. Kwanza ulikuwa kama vumbi la kijani kwenye kioo, nikaufuta na kitambaa nikasahau. Wiki iliyofuata ukarudi na nyuzi. Sasa nyuzi zimefunika mawe yote, ndefu kama nywele zilizofumuliwa, zinayumbayumba na pampu kana kwamba zinanipungia mkono. Nimekwangua kwa mswaki mpaka mabega yakauma. Nimezima taa na kulifunika tangi kwa blanketi siku kadhaa, tukawa tunakula sebuleni na kitu kama jeneza pembeni. Nimebadilisha maji. Nimeosha chujio. Baba Salma akaniletea konokono wa baharini wanaosifiwa kula mwani, wakakaa pembeni kama wageni waliokuja harusini bila kualikwa, kisha wakafa. Jirani akanishauri nitie dawa ya kusafishia choo, kidogo tu. Nilimshukuru kwa ushauri.

Kila nikikwangua, unarudi. Na kila unaporudi, umeshiba zaidi.

Jana kamba wangu alikufa. Nilimkuta amelala ubavu chini ya nyuzi. Leo asubuhi yule samaki mkubwa alikuwa juu kabisa, karibu na hewa, anafungua na kufumba mdomo haraka haraka. Hapo nikaogopa kweli. Kukosa kamba naweza. Kusimama hapo namtazama samaki anakosa pumzi na mimi sijui kwa nini, hilo siwezi.

Sikufungua duka. Nina kijiduka cha fotokopi karibu na stendi, na Jumamosi ndiyo siku ya wanafunzi na watu wa vikundi, lakini nilikunja mikono ya sweta nikaanza kutoa mawe moja moja na kuyaweka kwenye beseni. Nilipoinua lile jiwe kubwa la nyuma, nikaona kitu chekundu.

Harage.

Harage la kupikwa, limevimba, limepasuka. Pembeni yake mengine, na chini yao kitu cheupe kilichoyeyuka ambacho nilipokigusa nikajua ni ugali. Uvundo uliotoka pale sitauelezea, kuna watu wanasoma huku wanakunywa chai.

Ndiyo maana. Miezi yote hii nakwangua juu, chini kuna jalala linaoza na kuulisha mwani, na kuwanyima samaki hewa.

Nyumbani tuko watatu. Salma yuko shule ya bweni. Baba Salma hata kuwaangalia samaki huwa hana muda. Aliyebaki ni mama mkwe.

Mama tumemleta hapa kutoka Vuga alipomaliza eda ya baba mkwe. Hatukumleta kwa sababu ya umri, ana nguvu kuliko mimi. Tulimleta kwa sababu jirani yake alipiga simu kusema moshi hautoki tena kwenye jiko lake. Tulikwenda tukakuta hapiki, hali, amekaa tu kitandani upande wake, ule upande mwingine umetandikwa vizuri. Hapa kwetu alikaa hivyo hivyo wiki nyingi. Unamwamkia, anaitikia marahaba, basi. Kisha siku moja nikatoka chumbani nikamkuta sebuleni, amevuta kiti mpaka mbele ya tangi, anawaambia samaki "onga makeo", kama anavyowaamkia watu wa kwao asubuhi. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo kwa furaha. Tangu siku ile alianza kula mezani na sisi.

Haya yote nayajua. Nilikuwa nayajua hata leo asubuhi nikiwa na harage mkononi. Lakini hasira haingoji uikumbushe mambo.

Alikuwa uani anachambua mboga. Nikamwonyesha.

"Mama, wewe ndiye unayewapa samaki maharage?"

"Kidogo tu," akasema. "Wana njaa wale. Unawapa vumbi la chakula."

"Hayo maharage ndiyo yanawaua. Kamba amekufa kwa ajili ya hayo. Na huo mwani ninaohangaika nao usiku na mchana, wewe ndiye unaulisha."

Sikupaza sauti. Nadhani ingekuwa afadhali ningepaza. Niliyasema taratibu, neno moja moja, kama nasomea mtu hukumu. Mama akaangalia lile harage, akaniangalia mimi. Akakung'uta majani kwenye kanga, akaingia chumbani kwake.

Nikarudi kwenye mawe yangu. Nikasugua. Nikanyonya uchafu wa chini kwa mpira, nikamwaga maji machafu, nikatia madumu ya akiba yaliyokuwa stoo. Kazi ilikwenda vizuri, na sikufurahi hata kidogo.

Mchana Mama hakutoka kula. Baba Salma, aliyekuwa nje anaosha gari, akaingia kwake, akakaa kidogo, akatoka, akasimama mbele yangu na mikono ina sabuni bado.

"Mama anataka nimrudishe Vuga. Leo. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli gani huo, mama Salma, wa kumfanya mtu afungashe nguo?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akaenda kuangalia tangi, akarudi. Nilitegemea atasema nimuombe mama yake radhi. Alisema jambo jingine.

"Ukiniachia mimi nichague, nitavunja hilo tangi kwa nyundo. Lakini nikilivunja, mama ataamkia nini asubuhi?"

Akarudi kwenye gari lake. Huwa hasemi sana, na akisema, ananiacha sina pa kukaa.

Niligonga mlango wa Mama. Mfuko wake ulikuwa kitandani, kanga zimekunjwa vizuri ndani. Nikamwambia shikamoo, ingawa tulikwishaamkiana asubuhi, kwa sababu sikujua nianze na nini. Akaitikia. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, nilikuwa na hasira ya mwani, nikaileta kwako. Nisamehe."

"Umesema kweli. Nimeua kamba wako."

"Hukujua."

"Sikujua." Akashika pindo la kanga. "Mimi nilikuwa nawapa kidogo kidogo ili wasiache kuja. Nikisogea kwenye kioo, wanakuja wote wawili. Nikienda upande huu, wanakuja huku. Hapa nyumbani kila mtu ana kazi yake, sisemi vibaya, ndivyo maisha yalivyo. Lakini wale wakiniona, wanakuja. Nikaogopa nisipowapa kitu wataacha."

Mimi asubuhi nampitia Mama nikikimbilia duka, jioni nampitia nikikimbilia jiko, na katikati nakwangua mwani. Nimelikodolea macho tangi lile miezi yote, na mtu aliyekaa mbele yake nimempitia tu.

Nikamwambia, "Njoo tuone kama wataacha."

Hakutaka. Alisema mfuko wake uko tayari na njia ya Vuga mvua ikinyesha inateleza, bora atoke mapema. Nikambembeleza. Mwishowe akasema atakuja kuwaaga tu.

Tukasimama mbali kidogo. Maji yalikuwa bado na ukungu wa vumbi nililolitibua, na samaki walikuwa nyuma, karibu na pampu. Yule mkubwa alikuwa ameshuka kidogo, anapumua vizuri kuliko asubuhi. Mama akafungua viganja vyake, akanionyesha mimi kwanza kwamba havina kitu. Kisha akasogea kwenye kioo, akaviweka pale, vitupu.

Nakiri kwamba nilikuwa naomba moyoni. Samaki si watu, wangeweza kabisa kubaki walipo.

Walikuja. Mdogo kwanza, kisha mkubwa, polepole, mpaka kwenye vidole vyake. Akapeleka mkono kushoto, wakaenda kushoto. Akaurudisha, wakarudi. Alifanya hivyo muda mrefu. Baba Salma alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Kumbe," Mama akasema.

Tumekubaliana hivi: chakula cha samaki atawapa yeye, asubuhi, punje za kubana kwa vidole viwili, na mimi sitaugusa mkebe. Maharage tutakula wenyewe. Nilimuuliza kama mfuko niurudishe kabatini. Akasema nguo atazirudisha mwenyewe, nisimshikeshike vitu vyake. Sauti ilikuwa kali kidogo, na nilifurahi kuisikia. Jioni alipika yeye mboga, akazidisha chumvi, tukala.

Sasa nimekaa naandika na mikono inanuka bahari, ile mbaya. Ningependa kusema mwani umekwisha. Haujakwisha. Nimeuangalia sasa hivi, umeng'ang'ania mawe kama vile hakuna kilichotokea leo, na najua utachukua wiki nyingi kufa hata bila maharage. Bado unanikera. Nikiufikiria, meno yanasagana.

Asubuhi nitachukua mswaki tena. Ila nitaanza na kioo cha upande wa kile kiti chake, aone vizuri.