Kikwembe cha Watu Wachache

Jumapili, Kolwezi. Asubuhi kulikuwa na baridi kali ya kiangazi cha huku kwetu, mchana jua, na tangu tutoke misa upepo unaleta vumbi la malori ya mgodi hadi ndani ya sahani. Moyo wangu uko kama wa mtu aliyejikwaa mbele ya watu na sasa anajifanya anafunga kamba za viatu.

Jumamosi ijayo mdogo wangu Béa anaolewa. Nimeharibu kitu, na nataka kukiandika kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Nianze na kazi yangu, maana kosa lilitoka huko. Nipo katika ofisi ndogo inayochunguza soko. Kampuni za ng'ambo zinazouza sakoshi, yaani mikoba, saa, manukato na pombe za bei ya kuchekesha zinataka kujua watu wa ukanda wetu wa shaba wanaviwazia vipi vitu hivyo. Wao wamesikia kwamba hapa pesa ya kobalti inamkuta mtu akiwa amelala. Kwamba kesho yake inamkimbia, hilo nadhani bado hawajaambiwa. Mimi ndiye ninayezunguka na picha. Namwonyesha mtu sakoshi, namuuliza maswali mawili, naye anajibu kwa alama, kuanzia sifuri hadi kumi. Unakitamani kiasi gani? Na unaona ni kitu cha watu wachache kiasi gani?

Ni hayo tu, na watu wanayapenda kweli. Wiki iliyopita kule Mutoshi, mchimbaji mmoja kijana, mwenye shati lenye jina la marque, chapa kubwa, limeandikwa mgongo mzima kuanzia bega hadi bega, aliitazama picha ya saa kwa muda mrefu.

"Hii shati yangu ni ya uongo, mi mwenyewe najua," akaniambia. "Lakini ile saa, patron wangu, bosi wa mgodi, iko nayo? Kama iko nayo, hapana. Mi nataka yenye hata yeye hana."

Karani mmoja wa hapa mjini alikipa kisakoshi chekundu alama kumi, halafu akanionya: "Siku nitaona madame wa jirani nayo, uandike sifuri."

Kila mahali jibu ni hilohilo. Kitu kikiwa kwa kila mtu, hamu inapoa. Msimamizi wangu alitufundisha pia upande wa pili: kitu cha fahari hakianzi kwa wanaokihitaji, kinaanza kwa wanaotazamwa. Wape wachache wanaotazamwa, wengine watakuja wenyewe wakilia. Nimesikia maneno haya mara nyingi sana hadi nikaona ni sheria ya dunia, kama mvua kunyesha Oktoba.

Sasa ndoa.

Huku kwetu wanawake wa familia huvaa kitenge cha aina moja, kikwembe kama tunavyosema, na hicho ndicho kinachosema wewe ni nani siku hiyo. Aliyekivaa anaingia na bibi harusi, anacheza mbele yake hadi kwenye kiti. Asiyekivaa ni mgeni. Anakaa chini ya hema na kutazama, hata kama anaheshimiwa, hata kama ameleta mbuzi. Kwa sababu hiyo familia nyingi huchagua kikwembe kinachopatikana kirahisi, ili jirani, rafiki wa kwaya na binamu wa binamu wakinunue na kuingia. Unaona wanawake kama uwanja mzima wamevaa kitenge chenye samaki walewale au majani yaleyale.

Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuchagua. Mama aliniambia mapema: "Solange, chagula yenye inapatikanaka. Ndoa haiko magazini, duka ya batajiri."

Nilimsikia. Sikumfuata.

Nilipata kitenge cha wax ya kweli, ile nzito, ya kijani na dhahabu, yenye jina la kiwanda limechapwa ukingoni. Mama muuzaji aliitoa Lubumbashi na alikuwa na pièce chache tu, kila moja ya kumtosha mtu mmoja. Nikazichukua zote, nikamwomba asilete nyingine mpaka ndoa ipite. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, hata Lubumbashi imekwisha. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Wanawake wa familia yetu ya karibu nikawawekea zao. Zilizobaki nikaahidi watu wanaotazamwa: madame msimamizi wangu wa kazini, mama mwenye saluni kubwa kwenye avenue yetu, na madame mmoja anayeendesha jeep nyeupe ambaye sijawahi kula naye hata chumvi. Mtaa mzima ukaanza kuulizia. Wanawake ambao hawakuwa wakinisalimia walikuja na ndizi. Mmoja aliniita "mama wa mtaa". Niliwaambia imekwisha, kwa sauti ya upole, na nilikuwa nikisikia utamu mdomoni nikilisema neno hilo.

Sikumwekea mama Godé.

Mama Godé, yaani Godelieve, ni mdogo wa mama yetu, anaishi Kasaji, anauza unga wa muhogo sokoni. Mama alipougua kwa muda mrefu, Béa bado ananyonya, yeye ndiye aliyemchukua. Béa alitembea Kasaji, akaota meno Kasaji, akaanza shule Kasaji. Alirudi kwetu akiwa msichana mrefu anayetuita "ninyi". Hadi leo akiumwa tumbo hamwiti mama yetu, anamwita yeye.

Kwa nini sikumwekea? Nimejiuliza mchana kutwa. Sikumsahau, na ingekuwa afadhali kama ningemsahau. Niliwaza kwamba barabara ni mbaya, labda hatakuja. Niliwaza kwamba akija atavaa chochote, yeye si mtu wa makuu. Na chini ya mawazo hayo kulikuwa na lingine, nalo ndilo la kweli: akikivaa yeye, kikwembe hakipandi thamani. Hakuna atakayemwona mama wa Kasaji mwenye ndala akasema, nami nakitaka.

Alifika Ijumaa juu ya lori, na gunia la unga wa bukari, ugali wa harusi, vumbi hadi kwenye kope. Alicheka sana alipotuona.

Leo baada ya misa tulikusanyika uani, kwenye parseli yetu, kugawa. Viti vya plastiki, soda, nyimbo kidogo. Nilimkabidhi kila mmoja chake mkononi, na kila aliyepokea alipigiwa vigelegele. Msimamizi wangu na yule wa jeep hawakufika, wao niliwapelekea tangu juzi, kwa heshima. Mama Godé alikaa karibu na mlango, amenawa mikono, ameweka mfuko wa plastiki magotini. Kila niliposimama alijiweka sawa.

Nikamaliza. Nikasema karibuni chakula.

Watu waliinuka. Yeye alibaki, kisha akaniuliza bila lawama yoyote, kama mtu anayeulizia basi: "Solange, kikwembe yangu itakuya nyuma?"

"Mama Godé, ilikwisha."

"Ah. Ilikwisha." Akaukunja ule mfuko mara mbili. "Bon. Haina neno. Mi nitaikala na bageni."

Ningependa kuandika kwamba hapo hapo niliona aibu. Nilichosikia kwanza ni nafuu, kwa sababu hakupiga kelele.

Béa alikuwa chumbani anasukwa, na dirisha lilikuwa wazi. Akatoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "nani anaikala na bageni?"

Nikaanza kuokota chupa za soda.

"Ule ni mama yangu. Kama yeye anaikala na bageni, na miye nitaikala naye, kiti pembeni ya kiti. Ndoa mutaifanya benyewe."

Mama yetu aliinamisha kichwa. Nilidhani atamkemea Béa kwa kusema "ule ni mama yangu" mbele yake. Alisema tu, "Béa anasema kweli." Hilo liliniuma kuliko maneno ya Béa.

Nikaanza kupiga simu. Mama muuzaji: hakuna, hata kipande. Yule wa jeep: "Ee dada, fundi alishakata! Na mi nilishaiweka mu statut ya WhatsApp, batu bote baniuliza nilipata wapi." Alikuwa na furaha ya kweli, maskini. Mwenye saluni yeye alikwisha pokea chake mbele ya watu wote na kupigiwa vigelegele. Huwezi kumvua mtu heshima uliyomvisha mchana huohuo. Msimamizi wangu ndiye aliyenimaliza. Nilimweleza yote, akacheka kwa upole: "Mais ma chère, mupenzi wangu, ni weye ulisema ni ya batu kidogo."

Nikatazama waliobaki. Mama. Shangazi zetu, dada za baba. Wake wa kaka zetu. Kila mmoja ana haki yake, na kumnyang'anya mmoja nimpe mwingine kungezaa ugomvi ambao wajukuu wangeukuta. Mtu pekee ambaye ningeweza kumnyang'anya alikuwa mimi.

Changu kilikuwa kwenye sanduku, bado kimekunjwa. Nilikuwa nimeshapatana na fundi wa nguo, mikono mifupi, mgongo wazi kidogo. Nilikibeba hadi jikoni nje, ambako mama Godé alikuwa anasonga bukari juu ya jiko la mbabula kana kwamba hakuna kilichotokea, jasho kwenye paji la uso na makaa yakirusha cheche.

Niseme kweli nilichokuwa nacho moyoni. Nilikuwa najua atakataa. Ndivyo tulivyolelewa: unapewa, unakataa kidogo, unabembelezwa, mnapatana. Atasema, hapana mwanangu, tugawane. Pièce moja inatoa vipande vitatu: cha blauzi, cha sketi, na cha kujifunga juu. Ningechukua hata kimoja, ningejifunga juu ya nguo yoyote, ningeingia. Nilishaona kichwani tukikata pamoja, tukicheka, na Béa akitupiga picha.

"Mama Godé, hii ni yako."

Aliweka mwiko chini. Akanawa mikono, akaikausha vizuri kwenye nguo yake, akapokea kwa mikono miwili. Akakifungua kidogo, akakitazama kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ule ukingo wenye jina la kiwanda.

"Ni yako?"

"Ndiyo."

Akakikunja tena. Hapo nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, basi tugawane kama unataka. Lakini neno hilo lilipaswa kutoka kwake, na halikutoka.

"Aksanti, mama," akasema. "Minaikamata. Yote tatu. Béa hawezi kuingia na mutu wa nusu, mi ndiye nilimulea." Kisha akaniuliza, kwa wema kabisa: "Na weye, utavaa nini?"

"Nitaona."

"Bon." Akakitia kwenye mfuko wake, akaufunga kwa fundo, akauchukua mwiko. "Bukari itaungua."

Basi.

Nilisimama pale kidogo. Kisha nikaleta sahani.

Jioni hii Béa amekuja kukaa kitandani kwangu, kichwa kizima kimesukwa sasa. Hakusema asante. Aliniegemea tu, akaniuliza kama ninajua kwamba mama Godé amekwisha kwenda kwa fundi, kwa miguu, na amemwambia fundi aache nafasi kwenye viuno kwa sababu atacheza. Tulicheka wote wawili, mimi nikacheka kidogo kuliko yeye. Nikamuuliza kama itamsumbua nikikaa chini ya hema. Akafikiri, akasema ndiyo, itamsumbua. Halafu akasema, "Lakini kuingia, si utaingia na siye kwa macho." Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Nimeuchukua kama ulivyo.

Kesho nina watu wa kuwauliza Tenke. Nitawaonyesha saa na sakoshi na nitaandika alama zao kama wanavyozitoa, kazi ni kazi. Lakini leo, kwa mara ya kwanza, mwenye kuulizwa ni mimi, na nitajibu bila kudanganya. Unakitamani kiasi gani? Kumi. Kilipokuwa sandukuni mwangu nilikipa labda saba. Ni cha watu wachache kiasi gani? Hapo nashindwa. Mtaani watasema kumi, na ni mimi niliyewafundisha. Ila nikifunga macho sioni kijani wala dhahabu wala jina la kiwanda. Naona tu mlango, Béa anaingia, na migongo ya wanawake wanaocheza mbele yake. Ningekivaa hata kama kingekuwa cha sokoni, cha samaki, kimevaliwa na Kolwezi nzima.

Jumamosi madame wa jeep ataingia na mdogo wangu, naye hajui hata jina lake la nyumbani. Mimi nitakaa kwenye viti vya wageni, mstari wa mbele wakinipa nafasi, na mama Godé akipita akicheza nitapiga vigelegele hadi koo likauke.