Kitabu cha Baba Kimefungiwa Kabatini

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba mgongo umekuachia na kazi ya ghalani haikuumizi kama mwaka jana. Wifi anaendeleaje na dawa zake? Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, ila macho ndiyo hayo, yanazidi kufifia.

Katika ujumbe wako uliuliza kitabu kiko wapi, maana umewatangazia wenzako kazini kwamba mdogo wako ana mchapishaji. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yako.

Unakumbuka mkataba ulipokuja? Nilikupigia simu nikakwambia kurasa ni nyingi, sizielewi, afadhali nikiweke mtandaoni mwenyewe. Ukasema, "Tia saini upesi kabla hawajabadili mawazo. Hivyo vya mtandaoni si vitabu." Nikatia. Miaka minne nimepanda ngazi za ofisi ile, kila mara mhariri ananiambia kitabu kiko kwenye foleni. Alinifanya nikate sura mbili, ile ya Mama ikiwemo, eti zinachelewesha hadithi. Nikazikata huku nalia. Bado hakikutoka.

Mwaka jana nikachoka. Nilirudisha sura zangu, binti wa Shangazi akanichorea jalada lenye saa iliyofunguliwa mgongo, tukakiweka mtandaoni wenyewe kama kitabu pepe. Tulifanya makosa, sikatai. Ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na neno lililorudiwa mara mbili. Lakini Kaka, katika wiki tatu walikisoma watu mia mbili na kumi na wawili! Mmoja, muuguzi nisiyemjua, aliandika kwamba alimkumbuka baba yake.

Na Baba mwenyewe alikisoma. Kwenye tableti herufi zinakuzwa hadi zinakuwa kama kucha ya dole gumba. Fundi saa wetu, aliyeacha kazi kwa sababu haoni tena skrubu, alikaa dirishani akasoma hadithi ya fundi saa peke yake, bila kushikiwa wala kusomewa. Alipofika pale fundi anapomfukuza mteja aliyeitia saa yake mafuta ya kupikia, alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni mimi," akasema. "Umeniiba."

Kisha ikaja barua ya mchapishaji. Kifungu cha saba kinasema kitabu ni chao kwa namna yoyote, ya karatasi au ya mtandao, kwa miaka kumi na mitano. Niliondoe haraka toleo langu au tukutane mahakamani.

Nilikwenda. Mhariri hakuniambia hata nikae.

"Saini si yako hii, dada?"

"Ni yangu. Basi kichapisheni."

"Kwa sasa soko halipo."

"Kama soko halipo, mnakizuia cha nini?"

Akafunga faili, akalirudisha kabatini, akaniuliza kama nina lingine. Wakili niliyemwendea alisoma kifungu kile mara mbili, akanirudishia karatasi zangu, akasema wamenifunga. Jioni ile nikakiondoa kitabu mtandaoni.

Nakala ya Baba bado imo kwenye tableti yake. Lakini alikuwa amemwahidi jirani, fundi viatu, kwamba naye atakipata kwenye simu yake. Mzee yule amekuja mara tatu. Juzi Baba akaniuliza, "Sasa nimwambie nini? Kwamba nilikuwa naota?" Nikatoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sikusemi wewe tu. Mkono uliotia saini ni wangu, na niliitaka sana ile nembo kwenye jalada. Nilitaka watu waone mtu mzito kanikubali. Ila nakuomba, uache kunitangaza. Usiseme nina mchapishaji.

Nisalimie Wifi, umwambie nimepata kitambaa chake. Wasalimie watoto, Kidoti na yule mkubwa anayejifanya hana muda wa shangazi yake. Baba anakubariki, anaomba urudi salama angali anaiona sura yako. Mungu akutunze huko uliko.

Mkataba umebakiza miaka kumi, Kaka. Baba ana themanini na mmoja.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na uchungu.